Mlango wa Ukurasa wa Tisini na Sita

Nyinyi mnaopiga picha kwa simu, na kabla hamjashusha mkono mmeshaandika ni wapi, nyumba ya nani na njia gani ya kufikia, kaeni na mimi kidogo. Sikuiteni kukugombezeni. Mimi nilifanya hivyo hivyo, tena kwa mshahara, tena kwa wino usiofutika, na mpaka leo nikikumbuka mwili wanisisimka.

Jina langu Moza. Nilizaliwa Bujumbura, kwenye duka la babu yangu, nikasomeshwa na masista mpaka nikawa naota kwa Kifaransa. Tuliporudi Oman, jamaa zetu wa hapa Ibra walinitazama wasijue wanifanye nini: msichana wa Kiarabu ambaye Kiarabu chake kinachechemea, Kiswahili chake cha bara, na lugha anayoijua barabara haina mtu wa kuzungumza nayo. Niliolewa, nikazaa, nikafundisha shule. Kifaransa nilikuwa nakitumia nikiungua mkono jikoni tu.

Katikati ya miaka ya tisini akaja Madame Odile Lormeau. Alikuwa mwenye nyumba ya uchapishaji kule Paris, nyumba ndogo iliyoanzishwa na baba yake, inayotoa vitabu vya sanaa. Msidhani ni vitabu vya kusomea kitandani. Ukikiangusha kimoja mguuni huendi kazini wiki nzima. Vimefungwa kwa kitambaa, karatasi yake nzito, na picha ndiyo bwana. Maneno ni mtumishi. Alitaka kutoa kitabu cha nakshi za majumba ya zamani ya Oman: milango, dari zilizopakwa rangi, masanduku ya maharusi, vyombo vya fedha. Alihitaji mtu wa kumwombea ruhusa majumbani, kumsomea maandishi, na kumsaidia maelezo yanayokaa chini ya kila picha. Alitaka mwanamke, kwa sababu alishaambiwa kwamba vitu vizuri kabisa viko vyumba vya ndani.

Nilifanya kazi na nyumba ile zaidi ya miaka kumi, vitabu vinne. Hakuna aliyenifundisha. Nilifundishwa na makosa, mengine yangu, mengine yao.

Kosa la mwanzo lilikuwa lao. Siku zile picha zilipigwa kwa slaidi, kijipande cha filamu ya rangi unachokitazama kwenye mwanga. Slaidi ina pande mbili, na mtu akiigeuza bila kujua, picha inabaki nzuri vile vile, ila kulia kumekuwa kushoto. Asubuhi moja nilipokea kutoka Paris kurasa za majaribio, tuziangalie kwa mara ya mwisho kabla ya mashine kuanza. Nikazitandaza mezani, mume wangu anakunywa chai. Nikafika kwenye dari moja ya Al Hamra, dari ya magogo ya mtende yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeusi, na katikati yake bismillahi. Bismillahi inaanzia kushoto. Nilihisi kama nimepigwa kofi. Mume wangu akaitazama, akaweka kikombe chini, akasema, "Hii ikitoka hivi, tutahama mji."

Nikapiga simu Paris. Madame Odile akaniuliza, "Una hakika, Moza?"

Nikamwambia, "Madame, nayasoma maneno haya tangu nina miaka minne."

Walikuwa wamebakiwa na siku nne, wakaigeuza. Watu sita waliosoma vyuo vikubwa walikuwa wameipitisha picha ile, na kila mmoja aliandika pembeni kwamba ni nzuri mno. Tangu siku ile nikajifunza: slaidi ina upande unaong'aa na upande uliofifia, na ule uliofifia ndio wenye picha. Nikawa natia nukta ya wino pembeni mwa kila fremu, juu kushoto, kwa mkono wangu, kabla haijaondoka Oman. Kazi zenu zimebadilika, lakini tafuteni nukta yenu.

Kosa la pili lilikuwa langu. Zilikuja kurasa za fedha za Nizwa, mikufu na vikuku, nami nikazitazama jikoni chini ya taa ya mrija. Nikaona fedha imeingia ukijani. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, kwa kiburi kabisa, "Fedha yetu haina rangi hii, rekebisheni." Wakarekebisha kwa kuongeza wekundu. Kumbe ukijani ulikuwa wa taa ya jikoni kwangu. Kitabu kilipotoka, sonara mmoja wa Nizwa akafungua ukurasa wake, akaukaribisha na uso, akauweka mbali, akasema mbele ya soko zima, "Nani kanigeuza mfua shaba?" Kila nikipita sokoni ananiuliza kama nimemletea sufuria ya kutia viraka. Rangi itazameni nje, kivulini, asubuhi. Jikoni pikieni.

Haya yote ni ya kucheka. Ninalotaka kukwambieni si la kucheka.

Maelezo ya kwanza yaliyotoka Paris, kabla hawajaniachia kazi ile, yalikuwa hivi: "Mlango, Oman." "Dari, Oman." "Sanduku, Oman." Nikayasoma nikapandwa na hasira. Nikapiga simu. Nikamwambia Madame Odile, "Kwani kwenu mnaandika 'Kanisa, Ulaya'? Watu hawa wana majina. Nyumba zina wenyewe. Mji una vichochoro na kila kichochoro kina ukoo wake. Mnatuandika kama tuliokotwa jangwani."

Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema taratibu, "Sawa, Moza. Andika unavyoona."

Nilidhani amenyamaza kwa haya. Nikaandika nilivyoona. Niliandika mji, mtaa, jina la mwenye nyumba, msikiti ulio karibu, chumba chenyewe kiko upande gani wa ua. Nilikuwa na fahari ya kazi ile. Nilimwambia mume wangu kwamba mtu akikisoma kitabu hiki Paris anaweza kupanda ndege akaja moja kwa moja mpaka kizingitini.

Sasa nikwambieni habari ya Bi Shamsa.

Alikuwa mjane wa makamo ya mama yangu, mzaliwa wa Unguja mjini, Kiswahili chake safi kama alikiacha juzi. Alikaa katika nyumba kuu ya ukoo wa mumewe, Ibra ya zamani, nyumba ambayo nusu yake ilikuwa imeshaanguka. Jamaa wote walikuwa wamehamia nyumba mpya za matofali barabarani. Yeye alibaki na vyumba viwili na ua, pamoja na kuku. Alinipenda kwa sababu nilikuwa mtu wa kuzungumza naye, ingawa alikuwa akinisahihisha kila sentensi. "Usiseme 'katoto kangu kadogo,' Moza. Mie masikio yananiuma."

Chumba chake cha kulala kilikuwa na mlango wa mbao wa mabawa mawili, na katikati yake mfaa, ule ubao wa mabawa yanapokutana, uliochongwa maua kutoka juu mpaka chini. Babu wa mumewe aliuchongesha baada ya kukaa miaka mingi bila mtoto kisha kujaaliwa mmoja. Kwenye kizingiti cha juu palikuwa na jina la mtoto yule na dua. Lakini kilichonitoa machozi mara ya kwanza si nakshi. Kwenye mwimo wa kulia, ule mhimili wa pembeni mwa mlango, usawa wa bega, palikuwa na mstari wa dua uliofutika katikati, laini kama sabuni. Vizazi vya wanawake wa nyumba ile walikuwa wakiingia chumbani wanaupitisha mkono pale. Bi Shamsa naye alifanya hivyo kila anapoingia, bila kufikiri, huku anazungumza mambo mengine.

Nikamwambia Bernard, mpiga picha wa Madame Odile, habari za mlango ule, naye usingizi ukampotea. Tukaenda.

"Shikamoo, Bi Shamsa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Huyu mzungu naye anywa kahawa, au wao ni maji tu?"

"Anakunywa. Bi Shamsa, anataka kukupigia picha mlango."

"Mlango upi? Wa nje ushaliwa na mchwa."

"Wa ndani."

Akaacha kumimina. "Moza, mlango ule hajauona mwanamme asiyekuwa wa nyumba hii. Mume wangu kafia nyuma yake." Akanitazama mimi, si Bernard. "Nakuuliza weye, si yeye. Weye waonaje?"

Nilimjibu maneno ambayo ningeweza kulipa chochote nisiwe nimeyasema. Nilisema, "Sioni ubaya, Bi Shamsa. Ni kitabu tu."

Akakaa jikoni muda wote Bernard akifanya kazi. Bernard alikuwa fundi wa kweli. Alitumia kamera kubwa ya kusimamisha, akaegemeza rula ndefu kwenye mwimo ili vipimo vionekane, akapiga mlango mzima, kisha kipande kwa kipande. Picha ile ikawa ukurasa wa tisini na sita, peke yake, bila kitu kingine. Chini yake, maelezo yangu, mistari mitatu, mpaka upande wa ua.

Kitabu kilipokuwa kimeuzwa Paris miezi kadhaa, Madame Odile alikuja Nizwa kwa sherehe ndogo ya kukizindua, na safari hii alimleta baba yake, Bwana Lormeau, mzee wa miaka themanini na kitu, apate jua la viungo vyake. Mimi nilipewa nakala zangu siku chache kabla. Moja nikaifunga kwa kitambaa kizuri, nikaenda kwa Bi Shamsa. Nilijua alikuwa hospitali kwa ajili ya jicho, na kwamba ametoka juzi.

Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, jicho moja limefungwa bendeji, jingine halioni sana. Nikamwamkia, nikamuuliza hali. Nikaweka kifurushi mapajani mwake.

"Nimekuletea zawadi."

Akakipapasa, akakipima uzito. "Kitabu."

"Chenyewe, Bi Shamsa! Kimetoka."

"Kina jalada la buluu?"

Nikashangaa. "Umejuaje?"

"Kaniambia Khalfan, mtoto wa shemeji yangu. Yule mtu alikuja nacho mkononi."

"Mtu gani?"

"Ingia ndani, mwanangu. Nenda katazame."

Niliingia. Sijui nikwambieni vipi. Nilisimama nikidhani nimekosea chumba. Pale palipokuwa na mlango palikuwa na tundu ukutani, tundu pana kuliko mlango wenyewe, kwa sababu walioutoa hawakung'oa mabawa tu. Walichimba na miimo na kizingiti cha juu. Udongo ulikuwa umemwagika sakafuni, mwekundu, na majani makavu yaliyochanganywa ndani yake miaka zaidi ya mia iliyopita yalikuwa yametokeza nje kama manyoya. Kitanda chake kinaonekana chote kutoka uani. Mtu alikuwa ametundika shuka la maua kwa misumari miwili. Na pembeni, umeegemezwa ukutani, palikuwa na mlango mpya wa alumini, bado umo katika nailoni yake.

Nilitoka nikakaa chini. Bi Shamsa akanihadithia kwa sauti ile ile anayosimulia habari za kuku.

"Nimerudi hospitali, Khalfan kanishika mkono, kaniambia, 'Shangazi, nimekufanyia jambo zuri.' Mie sioni kitu. Naingia chumbani kwangu, si naijua njia? Nikanyoosha mkono nipate dua yangu. Mkono ukaenda, Moza. Ukaenda, ukaenda, hakuna kitu. Nikaanguka."

Khalfan alikuwa mmoja wa warithi wa nyumba. Alikuja wakati mimi bado nimekaa pale chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinisalimia vizuri kama mama yake mdogo, akaniambia kwa furaha, "Khalti, bila wewe tusingejua thamani yake. Mtu kaja na kitabu, kaweka karatasi kwenye ukurasa, kausoma mtaa, kalisoma jina, kaja moja kwa moja. Hakuuliza mtu njia. Nikamuuzia. Mbao kuukuu ile, na shangazi kila siku analalamika inakwaruza sakafu. Nikamnunulia wa kisasa."

"Ulimuuliza yeye?"

"Alikuwa hospitali. Nilitaka akirudi afurahi."

"Yule mtu ni nani? Katoka wapi?"

Hakujua. Hakuandikiana naye chochote ila sahihi yake mwenyewe kwamba ameridhia. Mume wangu alikwenda kuuliza kwa wenye mamlaka, wakasema mrithi kauza kwa hiari yake, wizi uko wapi? Mlango wa Bi Shamsa ulikuwa umeondoka Ibra juu ya gari, na kilichomwongoza aliyeuchukua ni mistari yangu mitatu.

Nikaingia garini, nikapita Mudhaibi na Sinaw sikuona kitu njiani, mpaka Nizwa. Madame Odile na baba yake walikuwa katika ua wa hoteli, wanakunywa kahawa kivulini. Nilikiweka kitabu mezani, nikakifungua ukurasa wa tisini na sita, nikawaambia.

Bwana Lormeau alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakuniuliza mimi kitu. Akamgeukia binti yake. "Odile. Uliweka majina?"

Akajibu, "Ndiyo, Baba."

"Na mahali?"

"Ndiyo."

Mzee akavua miwani. Nikaona kwamba yeye hakushangaa. Alikuwa na huzuni, lakini mshangao hakuwa nao hata kidogo.

Akaniambia, "Keti, Madame Moza. Binti yangu anaijua hadithi hii, lakini wewe hukuambiwa. Nyumba yetu ilianza baada ya vita, vyumba viwili juu ya duka la mkate. Picha za rangi zilichapwa mbali mbali, na mimi na marehemu mke wangu tulizibandika moja moja kwa mkono, gundi upande wa juu tu, ili karatasi isikunjamane. Odile alikua na gundi kwenye nywele. Kitabu chetu cha kwanza kilikuwa cha masanamu ya mbao yaliyokuwa katika makanisa madogo ya milimani. Hakuna aliyekuwa ameyapiga picha. Tuliona fahari, tukaandika kila kijiji. Kitabu kikatujengea jina. Kila kitu tulichokuwa nacho kimetoka pale.

"Siku moja akaja padri mmoja dukani kwetu, na kitabu chetu kwapani. Hakutuamkia. Akakifungua, akaufunika ukurasa mmoja kwa kiganja. Akafunua mwingine, akaufunika. Mwingine. Mke wangu akamuuliza, 'Baba, unafanya nini?' Akasema, 'Nakuonyesheni yaliyobaki.' Aliyoyafunika yote yalikuwa yameshaibwa.

"Tangu siku hiyo nikaweka sharti: nyumba yangu haiandiki mahali pa kitu kilicho mikononi mwa watu wanyonge. Wataalamu walinilaani. Nilimwambia Odile nilipomwachia ufunguo wa ofisi. Ndilo jambo la kwanza nililomwambia."

Nikamtazama Madame Odile.

"Wewe ulitaka, Moza," akasema. "Wewe ndiye uliyesema tunakuandikeni kama watu wasio na majina."

"Nilitaka kwa sababu sikujua. Wewe ulijua."

"Nilijua," akasema. "Na nilijua pia kwamba wanunuzi wanapenda majina. Ulipokasirika kwenye simu, nilifurahi. Nilipata ruhusa."

Sijawahi kusikia mtu akisema ukweli wake namna ile, na wala sikuwa tayari kuusikia. Nilitamani angesema uongo. Kile kimya cha kwenye simu, nilichokichukua kuwa haya, kilikuwa mtu anayepima hadithi ya baba yake upande mmoja na mauzo upande mwingine.

Msiniulize kwa nini sikuacha kazi siku ile. Niliiacha kwa wiki moja. Wiki ile nilizunguka nyumba zote zilizomo kitabuni, Al Hamra, Nizwa, Sur, Tiwi, Mudhaibi, kuwaambia wenyewe wajihadhari. Sur nikakuta mtu ameshakuja kuulizia sanduku, na mama mwenye nyumba amemfukuza kwa ufagio. Al Hamra walinicheka. Mudhaibi mwenye nyumba alifurahi kwamba wageni wameanza kuja, hakutaka kunielewa.

Niliporudi Nizwa kuwaaga, nikamkuta Bwana Lormeau katika ukumbi wa hoteli na makatoni ya vitabu vilivyokuwa vije kuuzwa Oman. Alikuwa amekata vipande vya karatasi nyeupe, vyembamba, na anabandika kimoja kimoja juu ya maelezo, kila ukurasa, kila kitabu. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, lakini gundi haikumwagika hata tone. Binti yake alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, anafanya kazi ile ile. Nikavuta kiti. Tulibandika siku mbili. Alinifundisha kushika kipande kwa ncha za kucha na kukilaza kuanzia katikati kwenda pembeni, ili pasibaki hewa. Vilivyokuwa vimeshauzwa Paris na kwengineko, hivyo havikurudi.

Vitabu vitatu vilivyofuata niliendelea kuandika maelezo, na sharti la mzee likarudi. Mbao gani, chombo gani kilichochongea, dua inasema nini, mwanamke aliyekitumia alikiitaje. Majina niliyaandika katika daftari langu, nikabaki nalo. Wataalamu walitulaani sisi pia. Mzee alifariki kati ya kitabu cha pili na cha tatu. Baadaye, miaka ya elfu mbili ilipokuwa imeshasogea, watu wakaanza kupata picha kwenye kompyuta na vitabu vizito vikakosa meza. Nyumba ya Lormeau ikanunuliwa na kampuni kubwa iliyotaka jina tu. Ofisi ikafungwa. Kabla haijafungwa, Madame Odile aliniletea kwa posta sanduku lenye slaidi zote za Oman. Aliandika kikaratasi: "Hizi si zetu."

Nilizitoa moja moja kwenye mwanga wa dirisha mpaka nikaufikia mlango. Upo mzima, na rula ya Bernard imeegemea mwimo. Nikaona hapa kuna dawa. Sur nilimjua fundi mmoja, Rashid, ambaye baba yake alikuwa mchonga mapambo ya majahazi, na yeye kazi zilipokwisha akageukia milango. Nikamsafishia picha kubwa, nikampelekea. Akazitazama kwa nusu saa. Akaniambia, "Khalti, kwa rula hii nautoa ule ule, unywele haupungui."

Nikamchukua mpaka Ibra. Bi Shamsa alikuwa ameshazeeka sana, na jicho lililopona limeanza tena kufifia. Miaka yote ile alilala nyuma ya shuka. Ule wa alumini haukuwahi kutoka kwenye nailoni. Mimi alikuwa amenisamehe kwa ulimi, mara nyingi, bila kuombwa. "Nshakusamehe, Moza, duniani na akhera, usinililie." Na niliendelea kumtembelea kila wiki, naingia mpaka chumbani bila kubisha hodi, kwani pa kubisha hapakuwapo.

Fundi Rashid akamweleza atakavyofanya. Maua ya mfaa, jina la mtoto, dua.

"Sitaki nakshi," akasema Bi Shamsa.

"Bibi, nina vipimo vyote. Utakuwa kama ule."

"Ndiyo maana sitaki. Nitilie mbao nzito. Na komeo, kwa ndani. Usitie jina, usitie ua. Pasiwe na kitu cha mtu kukitamani."

"Na dua?"

Akafikiri. "Dua ntaisoma mwenyewe."

Rashid alinitazama mimi, kama vile nitambishia. Sikubisha.

Aliuleta baada ya miezi miwili, mlango mpana, mtupu, mzito kiasi cha watu wanne kuubeba. Khalfan alikuwa mmoja wa waliobeba. Waliziba tundu kwa udongo mpya, wakausimamisha, Rashid akaupiga randa mpaka ukakaa. Alasiri kazi ikaisha. Bi Shamsa akatumiminia kahawa uani kwa mkono wake, akamwombea fundi dua ndefu, akanishika bega, akaniuliza wanangu hawajambo.

Kisha akasema anakwenda kusali. Nilimshika mkono kumsindikiza, kama siku zote. Tulipofika kizingitini akautoa mkono wake katika wangu, taratibu, si kwa hasira. Akaingia. Akausukuma mlango kutoka ndani, na nikalisikia komeo likiingia.

Nikarudi kukaa mkekani. Fundi Rashid akakusanya randa na patasi zake, akaniuliza kama twende. Nikamwambia angoje kidogo, huenda bado anasali.

Tulingoja mpaka kahawa ikapoa, na komeo halikusogea.